Mwanafunzi wa Wazee Wetu: Kumbukumbu ya Profesa Monica Wilson (1908–1982)

Kitabu cha jubilei kama hiki hakikosi habari za misioni za kwanza za nyanda zetu: jinsi Wamoravian walivyojenga Rungwe mwaka 1891, mwaka ule ule Walutheri wa Berlin walipoingia nchi waliyoiita Konde, jinsi Wabenediktini walivyoanzisha Tosamaganga karibu na Iringa mwaka 1897, na mapadre wa Consolata walivyoishika kazi ile mwaka 1919, Wadachi walipokwisha kushindwa vita. Habari hizo ni za kweli, nasi twazipenda. Lakini mtu akizichunguza ataona ya kuwa karibu zote ziliandikwa na wale waliokuja. Wao walikuwa na karatasi na wino, nao walikuwa na watu kwao, Herrnhut na Berlin na Turin, waliongoja barua zao. Bali habari za wale waliokuwapo, waliosikiliza mahubiri mchana, kisha wakarudi majumbani wakabishana juu yake hata usiku, hizo ni chache mno.

Katika hizo chache, sehemu kubwa kwa upande wa Rungwe twaidai kwa mtu mmoja ambaye hakuja kwetu kuhubiri, wala kutawala, wala kufanya biashara. Alikuja kuuliza. Jina lake Monica Wilson, profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyestaafu mwaka 1973 akafariki tarehe 26 Oktoba 1982. Alipokufa hapakuwa na matanga kwa ajili yake katika vijiji vya Bunyakyusa, naye ndiye aliyekwisha kueleza matanga ya Wanyakyusa kuliko mtu ye yote kabla yake. Basi yafaa tumkumbuke hapa.

Alizaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, Afrika ya Kusini, katika misioni ya Waskoti, jina lake la kwao likiwa Monica Hunter. Wazazi wake walikuwa wamisionari. Alikua akisikia Kixhosa, akisoma pamoja na watoto Waafrika katika miaka yake ya kwanza ya shule, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mtoto mzungu wa nchi ile. Kisha akaenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alianza na historia, akageukia elimu ya desturi za wanadamu, iitwayo anthropolojia. Akarudi kukaa na Wapondo, akaandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 1936. Mwaka 1935 aliolewa na Bwana Godfrey Wilson, mtoto wa mtaalamu mashuhuri wa tamthilia za Shakespeare. Godfrey alikuwa amekwisha kufika Rungwe mwaka 1934, na Bibi Monica akamfuata. Wakakaa Bunyakyusa, kwa kwenda na kurudi, mpaka mwaka 1938.

Hapa inatupasa kusimama kidogo tuangalie upande wa Iringa, maana katika miaka ile ile kulikuwa na kazi nyingine ya namna hiyo iliyofanywa kati ya Wahehe. Bwana Gordon Brown, mtaalamu wa desturi, na Bwana Bruce Hutt, ofisa wa serikali ya Waingereza, walifanya jaribio lao pamoja: ofisa aliuliza maswali yaliyomsumbua katika utawala wake, na mtaalamu akaenda kutafuta majibu kwa watu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1935, na jina la Iringa limo katika anwani ya kitabu. Kazi ile si ya kudharauliwa. Lakini angalia njia yake: swali lilizaliwa katika ofisi ya boma, likateremka mpaka kwa mzee wa Kihehe, na jibu likapanda kurudi bomani. Mzee mwenyewe hakuulizwa kama swali lilikuwa jema.

Kule Rungwe mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Si kwamba Bwana na Bibi Wilson hawakuwa na fedha za wageni. Walikuwa nazo, za mfuko wa Rockefeller wa Marekani, na taasisi ya London ndiyo iliyowatuma. Lakini walijifunza Kinyakyusa, wakakaa na watu, wakaliacha swali litoke katika maisha waliyoyaona. Mume aliketi na wanaume na wakuu wa nchi. Mke aliweza kuketi na wanawake, mahali ambapo mwanamume mgeni asingeweza kukaribishwa. Tena walikuwa na karani wao, Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyejua kusoma na kuandika. Tunaomba msomaji alishike jina hili, maana tutalirudia. Na kati ya wazee waliowafundisha alikuwako Kasitile, kuhani wa mvua, mtu wa maneno mengi na mashaka mengi, ambaye habari zake zimejaa katika kitabu kimoja cha Bibi huyu hata msomaji hudhani amepata kukutana naye.

Walijifunza nini? Jambo la kwanza lililowashangaza ni vijiji vya marika. Wazee wetu wanajua, lakini vijana wengi wa leo hawajui, ya kuwa zamani mtoto wa kiume wa Kinyakyusa alipofika miaka kumi au kumi na mmoja alitoka katika nyumba ya baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijijengea vibanda pembeni mwa kijiji, wakalala huko, ingawa chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kundi zima leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Wakakua pamoja, wakaoa, wakaleta wake zao pale pale, na vile vibanda vya watoto vikawa kijiji cha watu wazima. Baba na mwana hawakukaa kijiji kimoja. Sababu zilikuwa nyingi, na moja ilikuwa haya: mke wa kijana hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake, wala kulitaja jina lake. Desturi hiyo ya kumwogopa mkwe, ukutila, hata leo haijafa kabisa, nasi tunaokwenda nyumba kwa nyumba kufundisha tumewaona akina mama wakijitenga njiani ili mzee apite.

Kisha, mara moja katika kila kizazi, ilifanyika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka. Siku ile moto wa zamani ulizimwa katika nyumba zote, ukapekechwa moto mpya, na utawala wa nchi ukapita kutoka kwa kizazi cha baba kwenda kwa kizazi cha wana. Wazee wakasogea kando, vijana wakashika ardhi na ulinzi. Twaona ni jambo la ajabu kwamba watu wasiokuwa na katiba iliyoandikwa walikuwa wamekubaliana siku ya wazee kuachia madaraka, na siku hiyo ikafika bila vita.

Lakini kwa nini wanaume wa rika moja wakae pamoja namna hii? Bibi Monica aliwauliza wenyewe, nao walimjibu kwa neno moja la Kinyakyusa: ukwangala. Neno hili halina ndugu yake kamili katika Kiswahili. Ni kuketi na wenzako, kula na kunywa pamoja, kuzungumza na kuchekeshana bila hofu, hali mmelingana. Wazee walimweleza kwamba mtu asiyefanya hivyo hawezi kupata akili wala adabu, maana hekima hupatikana katika mazungumzo ya watu walio sawa. Mtoto akikaa na wakubwa tu, hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi. Yeye akalichukua neno hilo likawa jina la kitabu chake cha kwanza juu ya Wanyakyusa, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Wataalamu wa Ulaya wa siku zile waliandika sana juu ya ukoo, damu na nasaba za Waafrika. Kitabu hiki kiliwaonyesha watu wa Afrika ambao kijiji chao kilisimama juu ya urafiki na ujirani.

Hakuficha upande wa giza. Palipo na ujirani pana wivu pia, na alieleza kwa urefu hofu ya uchawi iliyokuwa vijijini. Aliona ya kuwa wachawi wa Kinyakyusa walisemekana kutamani chakula, nyama na maziwa, ilhali wachawi wa Wapondo alikotoka walisingiziwa tamaa za mwili. Akatafuta sababu katika maisha yenyewe: watu wanaokaa na majirani wasio ndugu, na ambao heshima yao ni kukaribishana chakulani, hofu yao itakuwa juu ya yule anayekula peke yake. Aliandika pia habari ya pumzi ya watu, yaani yale manung'uniko ya majirani ambayo, kwa imani ya wazee, humletea mkosaji baridi na ugonjwa. Mwalimu ye yote aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa kijiji atatambua kwamba mambo haya hayakuwa upuuzi. Yalikuwa ni sheria, ingawa haikuwa na askari.

Sasa tufike kwenye mazishi, maana hapo ndipo sisi makatekista tunapoguswa zaidi. Ni kazi yetu kusimama makaburini. Tunawaona wanawake wakilia kwa sauti inayopasua moyo, tunawaona wakwe wakifika na ng'ombe, tunasikia ngoma mahali pengine, na wageni hutuuliza: Je, hawa wana huzuni au wana furaha? Swali hili ni la zamani. Bwana Godfrey alilijibu katika makala yake ya mwaka 1939 juu ya mazishi ya Wanyakyusa, na Bibi Monica akalijibu tena kwa mapana katika kitabu cha mwaka 1957. Wanawake hulia, wanaume zamani walicheza kwa mikuki. Ngoma ya vita ilichezwa kwa kuwa kifo kinatisha, na mwanamume hutoa hofu yake kwa miguu na mikono kama vile mwanamke anavyoitoa kwa machozi. Kilio huanza kwa ukali, kisha polepole huzuni hulegea, vijana hutazamana, watu hucheka, na walio hai hurudi katika uhai. Waliandika pia kwamba Wakristo wa miaka ile ya 1930 waliacha kucheza, wakaimba nyimbo za dini mahali pa ngoma, na kwamba jambo hilo lilikuwa kubwa sana machoni pa majirani zao.

Nia ya desturi zote za matanga, wazee walimwambia, ilikuwa kumtenganisha marehemu na waliobaki, asiwajie katika ndoto, asiwavute. Asiyetimiza desturi aliogopewa kurukwa na akili. Tazama basi jinsi alivyozipata habari hizi. Wataalamu wengine walipoona jani au ndizi katika ibada, walikaa wakabuni maana yake kwa akili zao. Yeye alikataa njia hiyo. Alisema katika maandiko yake ya mwaka 1954 kwamba maana ya mfano ni ile wanayoitaja wenye mfano, na kama hawakuitaja, mgeni asiwawekee maneno kinywani. Ndizi ya namna hii ni mwanamume, ya namna ile ni mwanamke: hayo yalisemwa na Wanyakyusa, naye akayaandika kama yalivyosemwa. Katika vitabu vyake mna kurasa nyingi ambazo si zake hata kidogo; ni maneno ya wazee, mmoja baada ya mwingine, yakipingana wakati mwingine, naye hakuyalazimisha yapatane.

Yangeweza kupotea yote. Mwaka 1938 Godfrey alifanywa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alichunguza maisha ya wafanyakazi waliotoka vijijini kwenda mjini na migodini, na utafiti huo haukuwapendeza wenye migodi. Mwaka 1941 akaiacha kazi. Mwaka 1944, vita vikuu vikiwa bado, akafariki. Bibi Monica alibaki mjane wa miaka thelathini na sita, ana watoto wawili wa kiume wadogo, na masanduku ya daftari za Bunyakyusa, nusu kwa mkono wake na nusu kwa mkono wa marehemu. Alikuwa na sababu za kutosha za kuyafunga masanduku yale. Alianza kufundisha Fort Hare, chuo cha Waafrika, karibu kabisa na pale alipozaliwa. Kisha akawa profesa katika chuo cha Rhodes, na tangu mwaka 1952 Cape Town. Na katikati ya kazi hizo akazitoa daftari, akaandika kitabu baada ya kitabu: 1951, 1957, 1959, na cha mwisho mwaka 1977, miaka 39 baada ya utafiti wao kwisha. Mwaka 1955 alirudi Bunyakyusa kuona yaliyobadilika.

Kitabu kile cha mwisho kinaeleza kwa nini vijiji vya marika vimekwisha. Wengine kwetu husema vilimalizwa na dini, wengine husema na serikali. Yeye alionyesha jambo lililo wazi zaidi: kahawa. Mti wa kahawa hukaa miaka mingi shambani. Aliyeupanda hataki kuiachia ardhi yake kizazi kingine siku ya ubusoka, bali ataka mwanawe mwenyewe airithi. Tena kijana aliyepata mshahara katika dhahabu ya Lupa au katika migodi ya kusini hakungoja tena ng'ombe wa baba yake ili aoe. Mambo hayo mawili yalitosha kuuzima moto ule bila mtu kutoa amri.

Haifai kumsifu mtu kana kwamba hakupingwa. Wataalamu waliokuja nyuma wameuliza kama vijiji vya marika vilikuwa vya kale kiasi alichodhani, na kama vilikuwa sawa kila mahali. Ni kweli pia kwamba jina Wanyakyusa limewafunika watu wengi waliokuwa na majina yao, wa Selya, wa Kukwe na wengineo, na vitabu vyake vilisaidia kulikaza jina hilo. Mpinzani mmoja alitoka katika darasa lake mwenyewe. Archie Mafeje, Mwafrika wa Cape, alikuwa mwanafunzi wake, na mwaka 1963 walitoa kitabu pamoja juu ya Langa, mtaa wa Waafrika wa Cape Town, jina lake likiandikwa jaladani kando ya jina la mwalimu. Mwaka 1968 chuo kilimteua Mafeje kuwa mhadhiri. Serikali ya ubaguzi ikakitisha chuo, na chuo kikaufuta uteuzi, hata wanafunzi wakakalia jengo la utawala kwa kupinga. Mafeje akaja Tanzania, akaongoza idara ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1971 akachapisha makala kali dhidi ya wageni wanaoieleza Afrika kwa neno kabila tu. Makala ile iliugusa ufundi wa mwalimu wake pia. Sisi twaona ya kuwa mwalimu aliyemfundisha mtu mpaka akaweza kumpinga hakufundisha bure.

Alipostaafu alikwenda kukaa Hogsback, milimani, katika nyumba ya wazazi wake iitwayo Hunterstoun, ambayo baadaye ilipewa Chuo Kikuu cha Fort Hare. Hakupumzika. Rafiki yake Z. K. Matthews, profesa wa Fort Hare, alikuwa amefariki mwaka 1968 akiacha habari za maisha yake hazijakamilika. Bibi Monica alizishika, akaziongezea kumbukumbu yake mwenyewe juu ya marehemu, na kitabu kikatoka mwaka 1981. Mwaka uliofuata alifariki yeye.

Sasa turudi kwa Leonard Mwaisumo. Katika vitabu vya misioni zetu tumezoea kuona jina la mmisionari, tarehe aliyofika, hata jina la meli yake. Kisha twasoma kwamba alikuwa na msaidizi mwenyeji, basi. Walimu wa kwanza waliotafsiri mahubiri, waliochukua mizigo na kukaa na wagonjwa, wengi wamekwenda bila majina. Mwaisumo naye angaliweza kwenda hivyo. Lakini mwaka 2013 Andrew Bank na Leslie Bank walitoa kitabu juu ya Monica Wilson na wakalimani wake, na sura nzima imewekwa kwa ajili ya karani huyu wa Kinyakyusa. Iliwezekana kwa sababu Bwana na Bibi Wilson waliziweka karatasi zote, wakaandika nani alisema nini. Karatasi hizo zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Humo yamo maneno ya wazee wa Rungwe wa miaka ya 1934 hadi 1938, Wakristo na wasio Wakristo, na mengi yao yameandikwa kwa Kinyakyusa.